Aliyejifia Hachinjwi, Haliwi, Hauzwi
Kijitabu cha afya kwa kaya zinazofuga kuku, mbuzi na wanyama wadogo, Moshi na miteremko ya Kilimanjaro

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kila kaya ya Moshi, Hai, Siha na Rombo inayofuga kuku, mbuzi, kondoo, nguruwe au sungura uani au kihambani, na ni cha kila anayenunua kutoka kwao.

Neno la kwanza

Mnyama aliyejifia, au anayekaribia kufa kwa ugonjwa, hachinjwi, hapasuliwi, haliwi, hauzwi. Ukisahau mengine yote, hili lisikutoke.

Mkono unaumia kabla ya mdomo

Wengi wanaamini kwamba hatari ya nyama ya mnyama mgonjwa iko mezani, na kwamba ikichemshwa sana hatari imekwisha. Ndiyo maana kuku akianza kusinzia na kushusha mabawa, mtu anatafuta kisu ili "amuwahi". Hebu tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua. Kuku anakamatwa kwa mikono mitupu huku akitoa makamasi na kuharisha kijani. Anachinjwa, damu inaruka kwenye vidole na kwenye khanga. Analowekwa kwenye maji ya moto na kunyonyolewa, na anayenyonyoa ameinamia beseni, mvuke na manyoya vikimjia usoni. Anapasuliwa juu ya jani la mgomba, utumbo unatupiwa mbwa, na kisu kinapanguswa kwa kitambaa kisha kinakata nyanya za kachumbari. Yote haya yamefanyika kabla sufuria haijabandikwa. Moto huweza kuua kilicho ndani ya sufuria. Hauui kilichobaki kwenye kucha, kwenye kisu, kwenye beseni na kwenye nguo za aliyempakata mtoto baada ya kuchinja.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi. Chukua kimeta, ugonjwa ambao mikoa ya Arusha na Kilimanjaro inaujua vizuri kwa sababu unarudi mara kwa mara. Duniani kote, wagonjwa wengi mno wa kimeta huupata kwenye ngozi, na wengi wao ni watu waliochinja, waliochuna au waliobeba nyama. Wanaoupata kwa kula wapo pia, na hao huumwa vibaya zaidi. Chukua homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu nchini mwetu mwaka 2007 na kuutesa zaidi mkoa wa Dodoma: pamoja na mbu, njia yake kubwa ya kumfikia mtu ni damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Chukua mafua makali ya ndege. Huko Asia na Misri, wengi waliofariki walikuwa wameshika kuku wagonjwa au wafu. Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo si habari ya mbali. Na hapa kuna jambo la kuogopwa: kwa macho, mafua makali ya ndege na mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, hufanana. Kuku wanakufa wengi, ghafla, bandani. Mfugaji akisema "ni mdondo tu, haumdhuru mtu", anasema asichoweza kukiona kwa macho. Kwa hiyo hata kuku mmoja aliyejifia hachinjwi, haliwi, hauzwi.

Si kila homa ni malaria

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za hapa Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walihesabiwa na madaktari kuwa na malaria. Walipopimwa kwa makini, wenye malaria kweli walikuwa 14. Kati ya wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, na ulioongoza ulikuwa ule ambao nchi nzima iliusikia Julai 2022 kule Lindi kwa jina la homa ya mgunda. Si haki kudai kwamba wote hao waliugua kwa kuchinja. Magonjwa haya yana njia nyingi: kupe, mkojo wa panya na mifugo, maji machafu, maziwa mabichi, na maji ya uzazi ya mbuzi. Lakini namba hizo zinatuondolea utetezi mmoja mkubwa, ule wa kusema "tumekula na hakuna aliyeugua". Huenda waliugua. Pengine homa ilikuja baada ya wiki moja, mbili au tatu, ikaitwa malaria, ikatibiwa kama malaria, na hakuna aliyemkumbuka yule mbuzi. Kwa hiyo ukienda zahanati na homa, usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: "Ninafuga. Wiki zilizopita nilichinja, nilizalisha, au kuna mnyama aliyekufa nyumbani."

Mbuzi anapozaa au kutupa mimba

Usivute kitoto wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa glavu, na ukikosa, mifuko safi ya plastiki isiyotoboka mikononi ni bora kuliko ngozi yako. Mama mjamzito asikaribie kabisa. Kondo na kitoto kilichokufa vifukiwe mbali na mbwa. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Mbuzi wawili wakitupa mimba kwa karibu, mwite afisa mifugo.

Maziwa

Yachemshe mpaka yafure, ya mbuzi na ya ng'ombe, hata yale ya kugandisha mtindi.

Mayai na dawa

Kuku akiwa kwenye dawa, mayai na nyama yake haviliwi wala haviuzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti zitimie.

Watoto

Mtoto hanyonyoi kuku mgonjwa, hatupi mzoga, halali chumba kimoja na kuku.

Majibu kwa wanaosema hapana

"Wazee wetu walikula na wakaishi miaka mingi." Wapo walioishi. Wapo pia waliozikwa mapema, na sababu haikujulikana kwa kuwa hakukuwa na kipimo. Tena tuwatendee wazee haki: si wote walioruhusu. Nyamafu, au kibudu, imekatazwa kwa Waislamu, na Mkristo anayesoma Kumbukumbu la Torati ataikuta imekatazwa pia. Kumkata shingo mnyama ambaye roho imeshatoka hakumfanyi kuwa amechinjwa.

"Hajafa bado, nimemwahi." Kisu hakiondoi ugonjwa. Mnyama anayekufa kwa ugonjwa kama kimeta ana vijidudu vingi zaidi mwilini saa zile za mwisho, na damu inayomwagika wakati huo ndiyo hatari kuliko zote. Kwa hiyo anayemwahi mnyama anauwahi ugonjwa pia. Hili liwaguse hasa wanaopenda kisusio, supu ya damu ya mbuzi. Damu ya kisusio itoke kwa mbuzi aliyekuwa akila na kutembea vizuri, aliyekaguliwa, nayo ichemke mpaka iive. Mbuzi mgonjwa hana kisusio.

"Ni mbuzi mmoja tu, nitamfukia kimyakimya baada ya kuchuna ngozi." Hapana. Mzoga wa kimeta ukipasuliwa, vijidudu vinamwagika ardhini na vinakaa. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilijaribu kimeta kwa kondoo katika kisiwa cha Gruinard, Scotland. Kisiwa kile kilipigwa marufuku mpaka 1990, baada ya udongo wake kusafishwa kwa dawa kali. Miaka 48 kwa jaribio lile la vita! Sasa fikiria kihamba, ambapo mnyama, migomba, kahawa, majani ya malisho na nyumba viko pamoja, samadi inarudi shambani, na mfereji unaopita kwako unashuka kwa jirani. Ukipasua mzoga wa kimeta hapo, unaurithisha ugonjwa pamoja na ardhi. Na ukiutupa mferejini, unampelekea ndugu yako wa chini.

"Nikitoa taarifa nitapata matatizo." Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa. Anayetoa taarifa mapema anasaidia wanyama wa jirani wachanjwe kabla hawajafa. Matatizo makubwa humpata aliyeficha, nyama ikauzwa na watu wakalazwa.

"Nitakula nini? Mtaji wangu wote ni hao kuku." Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na halijibiwi kwa kukemea. Ni kweli kwamba kwa kaya nyingi kuku ndiye ada ya shule na nauli ya hospitali, na anayetupa kuku 10 anatupa fedha. Lakini hasara hiyo ilianza siku chanjo ilipoachwa. Mdondo ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, nayo ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wote walio wazima, vifaranga na majogoo pamoja, siku hiyohiyo. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, kwa hiyo majirani wachange, wanunue moja na kuitumia siku moja. Chanjeni kabla kiangazi hakijakolea, msingoje kuku wa kwanza afe, kwa maana chanjo haiponyi aliyekwisha kuugua. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wa maeneo ya kimeta wachanjwe kila mwaka. Mfugaji aliyechanja hana sababu ya kupigania mizoga.

Mnyama akifa: fanya hivi

Usimguse kwa mikono mitupu. Usimpasue kuangalia "amekufa na nini". Kuku mmoja au wawili: shika kwa mfuko, fukia shimo la mita 1, mbali na kisima na mfereji, mwaga jivu au chokaa juu. Kuku wengi kwa siku moja: usifukie kabla hujatoa taarifa. Mbuzi, kondoo au ng'ombe aliyekufa ghafla, amevimba haraka, hakakamai, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma: hicho chaweza kuwa kimeta. Mfunike kwa miiba au turubai, zuia mbwa na watoto, mpigie afisa mifugo wa kata, au mwambie mwenyekiti wa kitongoji ampigie. Yeye ndiye atakayeelekeza namna ya kumchoma au kumzika kwa kina. Usichune ngozi. Usigawe nyama. Kwenye ngozi yako kikitokea kipele kisichouma, kinachovimba pembeni na kuwa cheusi katikati, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kimeta cha ngozi kikiwahiwa kinatibika. Ukiwa umekula nyama hiyo na unatapika, tumbo linauma au una homa, nenda sasa hivi.

Narudia: aliyejifia hachinjwi, haliwi, hauzwi.

Anayenunua

Desemba ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kila boma linataka mbuzi na kuku, na Mbuyuni, Kiboriloni na Himo panajaa. Ndipo nyama ya bei ya kutupa inapotembezwa ikiwa kwenye ndoo, jioni, bila muhuri wa mkaguzi. Mfugaji hauzi mzoga kama hakuna mnunuzi. Kwa hiyo nguvu ya kukomesha jambo hili iko zaidi mkononi mwa anayelipa kuliko mkononi mwa afisa yeyote. Nunua kuku aliye hai, macho maangavu, pua kavu, miguu imara. Nunua nyama ya mbuzi na ya nguruwe iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Kuku akiletwa ameshachinjwa na muuzaji hawezi kusema ametoka boma gani, usichukue, na mwambie sababu yako mbele ya watu. Kisha mjulishe afisa afya wa kata jioni hiyohiyo, kwa sababu ndoo uliyoikataa wewe inaelekea mlango wa pili.