SOMO LA AFYA: TUTAYARISHE MAPEMA MAHITAJI YA MAMA MZAZI



Wapo wanaosema kutayarisha vitu kabla mtoto hajazaliwa ni uchuro. Hayo si kweli. Uchuro ni kumkuta mama ametoka kujifungua, na ndani hamna maji, sabuni wala unga.

Hapa Chamwino tuangalie hasa miezi ya Januari na Februari. Mvua inanyesha na makorongo yanajaa. Watu wote wako shambani wanapalilia. Ghala nalo limepungua, maana mavuno bado. Mama akijifungua wakati huo, shida tatu zinamkuta pamoja. Kwa hiyo mimba ikifika miezi saba, mahitaji yawe tayari.

VITU VYA KUWEKA

1. Kanga doti mbili au tatu, safi. Hata zikiwa kuukuu zinafaa, mradi zimefuliwa.

2. Vitambaa vya pamba vya kuvaa, kwa sababu damu ya uzazi hutoka kwa majuma kadhaa. Kata kanga kuukuu vipande kumi au zaidi. Fua kwa sabuni, anika juani hadi vikauke kabisa, kisha funga kwenye mfuko safi. Huku kwetu upepo una vumbi, usiviache wazi. Mama abadilishe mara kwa mara na anawe mikono.

3. Sabuni, beseni, na ndoo yenye mfuniko. Mama ajisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu. Kumkanda kwa maji ya moto sana kunaunguza ngozi. Tuache.

4. Chakula. Wakati wa mavuno tenga unga wa uwele au mtama, karanga, kunde, mlenda mkavu na ubuyu. Uji uliotiwa karanga zilizosagwa humpa nguvu. Mama anayenyonyesha anywe maji mengi, yaliyochemshwa.

5. Vidonge vya kuongeza damu kutoka kliniki. Aendelee kuvitumia baada ya kujifungua kama alivyoelekezwa. Asivimeze na chai, maana chai hupunguza nguvu yake. Juisi ya ubuyu inafaa zaidi.

6. Fedha ya usafiri. Uza kuku au karanga mapema, uziweke kando. Patana na mwenye pikipiki au gari kabla ya siku yenyewe, na uulize njia ipi inapitika korongo likijaa.

KAZI YA BABA

Baba asiseme, "Hayo mambo ya wanawake." Maji, kuni na nauli ni kazi yake. Mama aliyejifungua asibebe ndoo kichwani wala kushika jembe. Apumzike.

DALILI ZA HATARI

Mama ajifungulie kituo cha afya, akae huko saa 24 za kwanza. Kisha arudi zahanati ndani ya siku 7, arudi tena kabla ya siku 28, na mara nyingine kabla ya siku 42.

Akiwa nyumbani, mpeleke haraka ukiona:
- kitambaa kinene kinalowa chote kwa saa moja au chini ya hapo;
- homa, au damu yenye harufu mbaya;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, au degedege;
- mguu mmoja umevimba na unauma.

Kutoka damu nyingi kunaua kwa muda mfupi. Usingoje asubuhi, na usingoje kikao cha ukoo. Nenda zahanati au hospitali iliyo karibu, kama ile ya Mvumi. Njiani, kama mama ana nguvu, amnyonyeshe mtoto. Kunyonyesha husaidia mji wa mimba kujikaza.

MASWALI

1. Kwa nini Januari na Februari ni miezi migumu kwa mama mzazi?
2. Vitambaa vya kuvaa hutayarishwaje?
3. Taja dalili tatu za hatari.
4. Nyumbani kwako nani mjamzito? Katika vitu hivi sita, amekwisha weka vingapi?

Msomee jirani asiyejua kusoma.