Jua haki zako: Anayesubiri simu ya kampuni hajapumzika

Mama mmoja wa Nyarugusu, Geita, ameiandikia safu hii kuhusu mwanawe, rubani msaidizi aliyeajiriwa miezi minne iliyopita na kampuni ya ndege ndogo yenye kituo Mwanza. Majirani wanajua kijana anarusha ndege. Kwa kweli siku nyingi yuko stendibai: sare imepigwa pasi, begi liko mlangoni, simu haizimwi, na ikilia ana saa moja tu ya kufika uwanjani. Rosta yake inaonyesha siku nne kwa wiki, saa 11 alfajiri hadi saa 11 jioni, na pembeni mpanga rosta ameandika neno moja: mapumziko. Asipoitwa, hana posho ya kuruka. Anabaki na mshahara wa msingi, nao unakatwa deni la mafunzo.

Mama anauliza kama hiyo ni haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, na saa hizo hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ana nyongeza ya asilimia 5. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena lazima zipite saa 12 mfululizo. Siku nne za kijana huyu ni saa 48. Zikihesabiwa kuwa kazi, amevuka ukomo wa wiki kabla hajawasha injini.

Mtego uko kwenye hilo "zikihesabiwa". Sheria inazungumzia saa za kazi bila kusema kama kusubiri kwa amri ya mwajiri ni kazi, na mwajiri mjanja anapitia hapo hapo. Anaita mapumziko muda ambao mfanyakazi haruhusiwi kunywa bia, kusafiri wala kuwa mbali na mtandao. Kijana huyu hawezi hata kwenda kulala kwao. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini Nyarugusu hadi uwanja wa Mwanza bado si safari ya saa moja. Kwa hiyo amepanga chumba Ilemela, kwa fedha yake, ili kampuni impate haraka.

Wenye taaluma ya anga walishalitolea jibu. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago kinaihesabu stendibai kuwa zamu pale inapoelekea kumchosha rubani, na kinayaeleza mapumziko kuwa muda asio na jukumu lolote. Marekani iliamka kuhusu uchovu wa marubani baada ya ndege ya abiria kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2014 ziliweka ukomo wa saa 14 kwa rubani anayesubiri kuitwa kwa ghafla. Nje ya anga, tarehe 21 Februari 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya zimamoto wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8 akiitwa. Ilisema saa zake za kusubiri nyumbani ni saa za kazi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, ila hakuna kinachomzuia mlalamikaji kuitumia kama hoja.

Kuna mtego mwingine, wa miezi sita. Mfanyakazi ambaye hajafikisha muda huo kwa mwajiri yuleyule halindwi na masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali, na wengi hufyata mkia wakidhani hawana haki yoyote. Si kweli. Madai ya saa za ziada, nyongeza ya usiku na mshahara hayasubiri miezi sita. Makato ya deni nayo yanahitaji ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Kutajiwa kwa mdomo siku ya kusaini hakutoshi. Na neno "dharura", ambalo sheria inaliruhusu lilegeze ukomo wa saa, halifuniki kampuni iliyoajiri marubani pungufu na kila wiki inaita dharura ileile.

Kijana atunze rosta zote, picha za ujumbe wa kuitwa na saa ulipoingia. Adai maelezo ya ajira kwa maandishi. Mwajiri akishindwa kuyaonyesha katika shauri, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya malipo ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi ni siku 30. Afisa kazi anayekagua rosta kwa kunywa chai ofisini kwa meneja asimpotezee siku hizo.

Nyarugusu kwenyewe pengo hili la sheria lina sura nyingi. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mchimbaji anasubiri jiwe wiki kadhaa bila senti kwa kuwa fungu lake ni viroba vya mawe. Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kibarua anakaa kutwa akisubiri umeme urudi, na analipwa saa ambazo mashine imezunguka tu. Bunge lilirekebisha sheria za kazi mapema 2025, likamkumbuka mama aliyejifungua mtoto njiti, jambo jema. Lakini sentensi moja ya kusema kwamba saa anazozishika mwajiri ni saa za kulipwa haikuandikwa, na Waziri mwenye dhamana ya kazi anapaswa kueleza bungeni kwa nini.