Plasta ikitolewa, kidole gumba kikaguliwe

Nakuru ni mji wa ndondi. Bondia Philip Waruinge aliiletea Kenya shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Vijana wa mtaa wa Bondeni wanaovaa glavu leo, au wanaocheza kandanda karibu na uwanja wa Afraha, wakianguka hutanguliza kiganja. Kinachoumia huweza kuwa gegedu la ukuaji kwenye kifundo cha mkono, ambalo huchangia takriban robo tatu ya ukuaji wa urefu wa mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba.

Mfupa wa mtoto huunga upesi. Kano ndizo husahaulika.

Kano inayoinua kidole gumba hupita kwenye mfereji mwembamba nyuma ya kifundo. Uvimbe na kingo za mfupa uliovunjika huweza kuidhoofisha hadi ikatike, wiki au miezi baadaye, hata kama eksirei ilionyesha ufa mdogo tu. Kwa watoto kukatika huko ni nadra, na kwa hiyo wazazi na makocha hawatarajii hilo.

Plasta ikitolewa, kiganja kilazwe mezani, kisha mtoto ainue kidole gumba peke yake kuelekea juu. Kikigoma, arudishwe kliniki ya mifupa bila kungoja: kano iliyokatika haijiungi, na kwa kawaida daktari huhamisha moja ya kano mbili zinazonyoosha kidole cha shahada ifanye kazi hiyo.

Mkono usikandwe wala kuvutwa nyumbani. Gegedu huweza kuumia zaidi. Eksirei irudiwe baada ya miezi 6 hadi 12 kuangalia ukuaji wa mfupa, na glavu zingoje ruhusa ya daktari.