Baraza, Heshima na Wazimu: Maneno ya Propaganda katika Vita vya Jumla nchini Kenya, 1939–1945

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi propaganda ilivyotumia maneno ya Kiswahili nchini Kenya wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Vita vya jumla havipiganwi na jeshi peke yake. Mkulima na kibarua nao huhesabiwa kuwa sehemu ya nguvu za vita. Nguvu za namna hiyo hazipatikani kwa mtutu wa bunduki tu. Sharti nia ya watu itekwe, na nia hutekwa kwa maneno.

Muktadha

Mji wa Moi's Bridge, ambao enzi hizo uliitwa Hoey's Bridge, ulikuwa mlango wa kuingilia mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia. Upande wa magharibi kulikuwa na Bungoma, ambako nguvukazi ilitafutwa. Mwaka 1942 sheria iliruhusu Waafrika walazimishwe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwa kuwa chakula kilihesabiwa kuwa silaha. Kijana angeweza kuingizwa vitani kwa njia mbili: kwa bunduki ya Keya, yaani King's African Rifles, au kwa jembe la mlowezi.

Uteuzi wa maneno

Mwaka 1939 lilianzishwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza, likiungwa mkono na serikali. Katika utamaduni wa Waswahili, baraza ni mahali pa kuketi na kuzungumza: anayesema hujibiwa. Jina hilo lilidokeza mazungumzo, ilhali habari za vita zilichujwa na serikali kabla ya kumfikia msomaji. Jeshi nalo lilikuwa na gazeti la askari lililoitwa Heshima. Hapa mwandishi wa propaganda hakubuni msamiati mpya. Aliazima maneno ambayo jamii ilikuwa imekwisha kuyaamini.

Kwa waliopinga, lilitumika neno jingine. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa huko Bungoma, alikamatwa mwaka 1944 kwa kukaidi amri za serikali. Mwaka 1945 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Hoja ya mpinzani hudai jibu. Maneno ya mwendawazimu hayadai lolote. Kumwita mtu mwendawazimu ni kumnyamazisha bila kumjibu.

Deni la neno

Hata hivyo, neno la kuazima lina mwenyewe. Askari walirudi kutoka Burma wakiidai heshima waliyoahidiwa. Baada ya vita, serikali ilitenga ardhi kwa ajili ya askari wa Kizungu katika nyanda za juu; askari wa Kiafrika hawakupewa nafasi hiyo. Hapo neno lililowaita vitani likageuka kipimo cha kumpimia aliyelitamka.

Hitimisho

Propaganda haishindi kwa uongo mtupu. Hushinda kwa kutumia ukweli uliomo katika maneno ya watu, na hushindwa watu hao wanapodai ukweli huo utimizwe. Basi mwanafunzi wa semantiki asitosheke kuuliza neno lina maana gani. Aulize pia: ni nani ameliazima, kwa ajili ya nini, na ni nani atakayelipa deni lake?