Somo la 12: Chura na Sungura Wakati wa Kiangazi

Mkoa wetu wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, nayo hukoma Aprili au Mei. Kisha huja kiangazi. Madimbwi hukauka na majani hunyauka. Je, wanyama wasiotekewa maji na mtu huishije? Tuwatazame wawili: chura mkubwa anayejifukia, na sungura wa porini.

Chura

Ngozi ya chura ni nyembamba. Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyanywa kwa ngozi. Jua kali likimpiga sana, hukauka akafa. Kwa hiyo mvua zikikoma, huchimba udongo kwa miguu ya nyuma na kuzama kinyumenyume. Huweka akiba ya maji katika kibofu chake. Ngozi yake ya juu hubambuka na kumfunika kama mfuko, ili maji yasipotee upesi. Hukaa humo miezi mingi bila kula. Mvua ikilowesha ardhi, hutoka, na jike hutaga mayai katika madimbwi.

Sungura

Sungura wa porini hachimbi shimo wala haweki akiba ya maji. Mchana hulala kivulini, penye kichaka au majani marefu. Usiku hutoka kula. Maji mengi anayohitaji huyapata katika majani na machipukizi anayokula. Watoto wake huzaliwa juu ya ardhi, wakiwa na manyoya na macho wazi.

Sisi na wanyama hawa

Mmoja hulikimbia jua ardhini, mwingine hujikinga kwa kichaka. Lakini wote wawili wanaweza kuangamizwa na mikono yetu.

Chura hula wadudu, hata wanaoharibu mazao. Ukioshea bomba la dawa ya shamba bwawani, sumu humwingia chura kwa ngozi. Maji hayo hayo hunywewa na ng'ombe wako, na pengine mtoto wako. Oshea bomba mbali na maji.

Ukichoma pori, kichaka cha sungura huteketea pamoja na watoto wake. Malisho ya ng'ombe nayo huteketea, na mvua bado iko mbali.

Maswali

1. Chura hunywaje maji?
2. Sungura hupata wapi maji wakati wa kiangazi?
3. Katika kijijini chenu, watu huoshea wapi mabomba ya dawa? Jadilianeni darasani.