Buibui wa Jaruba: Mtunze Mapema

Kabla hujajaza bomba la dawa, shuka jarubani asubuhi na mapema, umande ukiwa bado majanini. Chuchumaa. Piga shina moja la mpunga kwa kiganja pale chini, juu kidogo ya maji. Akitoka buibui wa kahawia akakimbia juu ya maji kama aliye sakafuni, mwache. Huyo anakufanyia kazi.

Katika mashamba ya mpunga ya Asia anajulikana sana Pardosa pseudoannulata. Mgongoni, nyuma ya macho, ana alama iliyochanuka kama uma, na tumbo lina madoa meupe. Hatandi utando wa kunasia. Hulikimbilia windo na kulirukia. Kwa siku hula wadudu 5 hadi 15, wakiwamo nondo wa vipekecha shina. Jike huburura kifuko cha mayai nyuma ya tumbo, na watoto wakianguliwa, 60 hadi 80, humparamia mgongoni wakabebwa. Majaruba yetu ya Afrika Mashariki yana jamaa zake wa ukoo huohuo, nao hutunzwa vivyo hivyo.

Kosa linaloniuma ni kupuliza dawa mapema. Ndani ya siku 40 za mwanzo, majani machache yakitoboka mkulima huingiwa na hofu, ilhali mpunga mchanga huchipua tena ukafidia. Anayekufa kwanza ni buibui, maana huzurura wazi shambani. Mayai ya wadudu wafyonzaji yamejificha ndani ya ala za majani. Yakianguliwa, tunutu hukuta shamba halina mlinzi. Indonesia ililijua hilo kwa uchungu: baada ya wafyonzaji wa kahawia kuteketeza mpunga, mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika zao hilo.

Ila kutopuliza peke yake hakutoshi. Jaruba jipya huonekana tupu, na buibui mwenye njaa hakai. Mwekee chakula. Changanya samadi iliyooza au mabua ya mpunga kwenye tope wakati wa kuvuruga shamba. Uozo huo hulisha viluwiluwi vya visubi wadogo wasiodhuru mpunga. Visubi wakiruka, buibui hushiba na kuzaana kabla waharibifu hawajaja. Kwangu hii ndiyo siri yenyewe, na wengi huiruka.

Usichome nyasi zote za kwenye kingo; fyeka upande mmoja, uache mwingine. Baada ya kuvuna, weka mafungu ya mabua kingoni, kila hatua kumi hivi, wapate pa kujificha shamba likilimwa.

Elewa pia asichoweza. Kiwavi akishaingia ndani ya shina, buibui hamfikii. Hapo ng'oa mashina yaliyokauka katikati, na umwite bwana shamba ikiwa yanaongezeka.

Kila wiki kagua mashina 20, ukipita jaruba kwa mshazari, uandike buibui wangapi na waharibifu wangapi. Daftari hilo lishike mkononi siku utakayoshawishika kununua dawa. Na yale mafungu ya mabua, liinue moja polepole baada ya siku mbili tatu: mara nyingi utamkuta jike chini yake, kifuko cheupe kikining'inia nyuma. Lirudishe fungu palepale.