Mbiu Inayopigwa Ndani ya Mwili
Kijitabu kwa wagonjwa na wanaowauguza: saitokini, homa, na dawa za kuzituliza

Mchana mtoto alikuwa anacheza. Jioni anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na ukimgusa shingoni anaunguza kama jiko. Tunasema malaria imempandisha homa, na hatujakosea sana. Lakini kimelea cha malaria hakina joto la kumpa mtu. Joto lile mwili wa mtoto umelitengeneza wenyewe, kwa amri ya protini ndogo sana ziitwazo saitokini.

Kijitabu hiki kinazihusu hizo. Tumekiandika kwa sababu dawa za kuzituliza zimeshazoeleka mno, na wengi wanazimeza bila kujua zinanyamazisha nini.

Ikilia ina jambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Saitokini ndiyo mbiu ya mwili. Seli iliyokutana na adui hutoa protini hizi, na seli nyingine yenye kipokezi chake ikizipata, hubadili mwenendo: inaamka, inazaliana, inahama, au inatulia. Nyingi husikika kwa jirani tu. Chache husafiri na damu hadi kwenye ini na ubongo.

Mwiba ukikuchoma kidoleni unaiona kazi yao kwa macho. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuta zake zinalegea ili seli nyeupe zipenye kwenda penye tukio. Ndiyo maana pale pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba na panauma. Hali hiyo huitwa mcharuko. Katika hatua zake za mwanzo ni dalili kwamba ulinzi umefika.

Ziko saitokini nyingi, na majina yake hayana utamu: TNF, intalukini zenye namba kama mitaa, intaferoni. Hii ya mwisho ilipatikana London mwaka 1957. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliona kwamba utando wa yai la kuku uliokwisha kukutana na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto hutoa kitu kinachozikinga seli nyingine zisishikwe na virusi.

Kwa nini mwenye homa anahisi baridi

Turudi kwa mtoto wetu. Kimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, na baada ya saa 48 hivi chembe hizo hupasuka na kumwaga vimelea vipya pamoja na takataka zao. Seli nyeupe zikizigusa takataka hizo hupiga mbiu kwa nguvu: TNF, intalukini-1, intalukini-6. Ujumbe ukifika kwenye ubongo, hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini, nayo hupandisha kiwango cha joto ambacho ubongo unakiona kuwa cha kawaida. Mwili ambao dakika chache nyuma ulikuwa sawa sasa unajihesabu una baridi, kwa hiyo misuli inatetemeka ili kutafuta joto. Kukosa hamu ya kula, maungo kuuma, na ule uchovu wa kutotaka hata kusemeshwa, vyote hutokana kwa sehemu kubwa na mbiu hiyohiyo.

Parasetamoli huzuia prostaglandini. Inashusha joto na kumpa mgonjwa nafuu, lakini kimelea haikigusi hata kidogo. Mtoto aliyepoa kwa parasetamoli bado anahitaji kupimwa malaria, na akikutwa nayo amalize dozi yake.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: intalukini-6 huliamuru ini litoe homoni ya kufungia madini ya chuma ghalani, vijidudu visiyapate. Ni mbinu ya busara kwa siku chache. Maambukizi yakidumu, mgonjwa hupungukiwa damu ilhali chuma kipo mwilini mwake.

Mlinzi wa kifua kikuu

Watu wengi walioambukizwa bakteria wa kifua kikuu hawaugui kamwe. Seli zao zimewazingira bakteria hao na kuwafungia ndani ya vifundo vidogo, mara nyingi kwenye mapafu. Seli nyeupe ziitwazo CD4 hutoa intaferoni gama, nayo huzipa seli zinazomeza bakteria nguvu ya kuua. TNF husaidia kushikilia ukuta wa kifundo usibomoke. VVU vikimaliza CD4, walinzi hupungua na kifua kikuu huamka.

TNF hiyohiyo, ikizidi na kukaa muda mrefu, humkondesha mtu. Na ikijazana kwenye viungo vya mwenye baridi yabisi ya rumatoidi, hula gegedu na mfupa ingawa hakuna kijidudu chochote pale. Katika miaka ya 1990 Ravinder Maini na Marc Feldmann, wakiwa London, walionyesha kwamba kuizuia TNF huwapa wagonjwa hao nafuu kubwa. Dawa zikaenea. Mwaka 2001 ikachapishwa ripoti ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia mojawapo ya dawa hizo. Mlinzi alikuwa ameondolewa getini. Ndiyo sababu leo mgonjwa hupimwa kwanza kama ana maambukizi ya kifua kikuu yaliyojificha kabla ya kuanzishiwa dawa hizi.

Deksamethasoni moja, majibu matatu

Deksamethasoni na ndugu yake predinisoloni hunyamazisha saitokini nyingi kwa mkupuo. Je, ni dawa nzuri? Jibu linategemea ugonjwa gani, na hatua gani.

Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Thailand kwa wagonjwa 100 ambao malaria ilikuwa imewapanda kichwani. Waliopewa deksamethasoni walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, na walipata matatizo zaidi, kama nimonia na kutokwa damu tumboni. Mwaka 2004, Vietnam, dawa hiyohiyo ikitolewa pamoja na dawa za kifua kikuu ilipunguza vifo vya watu ambao kifua kikuu kilikuwa kimeshambulia utando wa ubongo. Mwaka 2020 ikaja UVIKO-19. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulitoa miligramu 6 kwa siku: vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Kwao mbiu ilikuwa bado inafanya kazi yake. Kwa wale wa mashine, kelele za mbiu ndizo zilizokuwa zikiharibu mapafu.

Wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Mashavu yanayojaa ni mafuta na maji, na nyuma yake sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda, huku vidonda na maambukizi yakichelewa kupona. Anayezitumia dawa hizi kwa wiki kadhaa asiziache ghafla, maana tezi zake zimekwisha kuzoea kutotoa homoni ya kwao. Mtoa huduma atampunguzia kidogo kidogo.

Kuhusu zile chupa za “kuongeza kinga”, msimamo wetu ni mfupi. Mgonjwa wa baridi yabisi kinga yake imezidi kelele tayari. Aongezewe ya nini?

Kidonda cha BCG

Wiki chache baada ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, mahali palipochomwa kwenye bega la mtoto huvimba, huweza kutoa usaha kidogo, kisha hukauka na kuacha kovu. Huo ni mcharuko uliotarajiwa. Usipake dawa wala majani, usipabinye. Osha kwa maji safi na upaache wazi. Tezi za kwapani zikivimba sana, au kidonda kikawa kikubwa na hakikauki, mrudishe mtoto kliniki na kadi yake.